Asubuhi niko sawa, usiku mwili unagoma. Nimwambie mke wangu kuhusu vidonge?

BARUA

Anti shikamoo,

Naomba jina langu usiliweke kabisa, maana mke wangu naye anasoma sana safu yako na sitaki ajue anayeandika hapa ni mimi. Nina miaka 34, nimeoa, mtoto bado, na nadhani matatizo yangu yote yalianzia hapo, au labda yalianzia kazini, sijui, wewe utaniambia.

Mwaka jana kazini walianza kupunguza watu. Mimi nilibaki ila nikabebeshwa kazi za waliotoka, nikawa narudi usiku nimechoka, kichwa kimejaa. Sasa kuna siku tulitoka kwenye sherehe nimekunywa kidogo, tukaanza vizuri tu na mke wangu, katikati uume ukalala. Basi. Yeye akasema hamna shida umechoka tu, akasinzia zake, mimi nikabaki macho mpaka karibu asubuhi najiuliza hiki ni nini. Toka siku hiyo Anti tukianza tu, mwili uko kitandani lakini akili imekaa pembeni inakagua, imesimama? itakaa? na nikishajiuliza hivyo ndio inaondoka kabisa.

Kinachonichanganya ni kwamba asubuhi naamka niko imara kuliko kijana wa miaka 18, na nikiwa peke yangu sina tatizo lolote. Sasa kama ni ugonjwa mbona unachagua muda?

Halafu ndio hii habari ya mtoto. Ni zaidi ya mwaka sasa tunatafuta. Mke wangu ana programu kwenye simu inayohesabu siku zake, zile siku za kushika mimba zikifika simu inalia, na yeye anafurahi, ananiandikia meseji kazini "leo usichelewe mume wangu". Meseji nzuri tu, ingekuwa zamani ningeacha kazi mezani nikimbie. Siku hizi ikiingia viganja vinatoka jasho. Siku ambazo simu haijalia kuna wakati tunafanikiwa, siku ikilia karibu kila mara naanguka.

Nikamgusia rafiki yangu mmoja kwa utani utani hivi, akacheka, kesho yake akanipa vidonge vya bluu vimekatwa tu kwenye karatasi yake, boksi hakuna, maelezo hakuna. Anti, vinafanya kazi. Naingia bafuni nameza kimoja, nakaa kidogo naoga taratibu, nikitoka nakuwa mtu mwingine. Ila sasa bila hivyo sithubutu hata kumgusa. Vikiisha nasingizia mgongo, nasingizia ripoti ya bosi, nalala sebuleni na tivii. Juzi akaniuliza mbona siku hizi lazima uende bafuni kwanza. Na usiku mwingine tumelala akageukia ukutani akasema "kama kuna mtu mwingine niambie tu nijue moja". Nikamkasirikia. Yaani nilijifanya nimekasirika, kumbe naogopa.

Sasa amepanga mwezi ujao twende hospitali wote wawili tukapimwe kwa nini hatupati mtoto. Najua wataniuliza unatumia dawa gani, tena mbele yake. Nikisema ukweli atajua miezi yote hii ilikuwa kidonge, atadhani sikuwa namtaka yeye. Nikidanganya naogopa vipimo visije vikaharibika. Rafiki yangu ananiambia mwanaume hasemi mambo haya kwa mkewe, ukisema umekwisha, utadharaulika mpaka uzeeni. Nimwambie au nijitibu kimya kimya mpaka nipone? Na je hii inapona?

Halafu kuna kingine, nilikuwa napiga sana punyeto ujanani na nimesoma sehemu kwamba inaua mishipa. Ndio imeniharibu?

Mimi nisiyelala

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Jina halipo hapa, na vitu vichache ulivyosema kuhusu kazi yako nimevitoa. Ila kuna kitu kimenifanya nitabasamu kidogo, hutaki mke wako ajue halafu umekuja kuandika palepale unapojua anasoma. Sisemi umefanya makusudi. Nauliza tu kama kuna upande wako umeshachoka na hii siri na ungefurahi mtu mwingine akusemee.

Nikikusoma naona kuna mwili unaogoma, kuna simu inayolia, kuna vidonge vya bafuni na kuna mwanamke aliyegeukia ukutani. Wewe umeyachanganya yote ukayapa jina moja, kuharibika. Mimi nisingeenda haraka hivyo.

Tuanze na mwili kwa sababu ndio unaoubebesha lawama. Uume unasimama pale ambapo misuli laini ya ndani yake inalegea, damu inaingia inajaa na kubaki humo. Kinacholegeza ni kemikali iitwayo naitriki oksidi inayotolewa na neva ukiwa umetulia na una hamu. Sasa mtu akiingiwa na hofu mwili unamwaga adrenalini, na hiyo inafanya kinyume kabisa, inabana mishipa na kuondoa damu huko ili miguu ipate ya kukimbilia. Mwili haujali kama unachokiogopa ni hatari kweli au ni meseji tamu ya mke wako. Na usiku unalala bila kujikagua, mwanaume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 kwa usiku, zaidi kwenye ule usingizi wa ndoto, na ile ya asubuhi inayokushangaza mara nyingi ndio ya mwisho ya hizo. Kwa hiyo swali lako la kwa nini ugonjwa unachagua muda ni swali zuri kuliko ulivyodhani. Mishipa iliyokufa haichagui muda. Hofu inachagua.

Lile jicho la pembeni linalokagua nalo hukulibuni wewe. Watafiti wawili wa Marekani, William Masters na Virginia Johnson, walilieleza mwaka 1970, kwamba mtu anaacha kushiriki tendo anageuka kuwa mtazamaji wake mwenyewe, na akishakuwa mtazamaji raha inakatika. Ni kama mtu akukazie macho akuambie cheka, cheka sasa hivi nikuone. Utacheka? Na ndio maana ukijikaza ndio inakuwa mbaya zaidi, hapo bidii haisaidii.

Lakini nisikutulize kupita kiasi. Kusimama asubuhi ni dalili njema ila sio cheti cha afya. Presha, sukari, kolesteroli, sigara, pombe, homoni ya testosteroni kushuka, hata baadhi ya dawa za sonona na za presha, vyote vinaweza kugusa huku chini. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mishipa ikianza kuziba kuna watu wanaona dalili kitandani kabla hawajaiona kifuani. Mara nyingi pia mambo hayaji peke yake, mwili unayumba kidogo, hofu inakuja inamalizia. Kwa hiyo hata kama mimi na wewe tunahisi yako ni ya kichwani zaidi, kupima presha, sukari na mafuta ya damu, na testosteroni ile inayopimwa asubuhi, sio kupoteza muda. Na kama unadhani uko peke yako, utafiti mmoja wa jimbo la Massachusetts, Marekani, uliotoka mwaka 1994 ulikuta wanaume 52 kati ya 100 wenye miaka 40 hadi 70 wana shida hii kwa kiwango fulani, kidogo au kikubwa. Wewe bado kijana lakini vijana pia wamo humu, hawasemi tu.

Sasa huyo rafiki yako. Amesema ukisema umekwisha. Nimerudia barua yako natafuta mahali mke wako alipokudharau, sijapaona. Usiku wa kwanza alisema hamna shida. Alipoona unakimbilia sebuleni akauliza kama kuna mwingine. Dharau yote iliyomo kwenye barua imetoka kwako na kwa rafiki yako. Mimi simjui mke wako, wewe unamjua, inawezekana kabisa kuna sababu ya kuogopa ambayo hukuiandika. Ila maneno yake niliyoyasoma ni ya mtu anayejiuliza kama bado anatakiwa. Wewe unadhani unamficha udhaifu wako, na yeye kwenye hicho kimya ameshajitungia maelezo yake, na maelezo yake huenda yanamuumiza kuliko ukweli. Umewahi kuliangalia hivyo?

Kuna na hili la kwamba miezi yote ilikuwa kidonge. Kama ni ile dawa inayofikiriwa, sildenafili, Marekani waliiruhusu mwaka 1998 kwa jina la Viagra na toka hapo inajulikana vizuri, haileti hamu. Mtu akimeza akakaa anasoma gazeti hakitokei chochote. Inasaidia tu damu kubaki pale mtu anapokuwa ameshavutiwa na kuguswa. Kwa hiyo hamu ilikuwa ya kwako na ilikuwa kwake, ukiamua kumwambia kitu hicho nacho unaweza kumwambia maana ni kweli.

Vidonge vyenyewe hapo ndipo nina wasiwasi, na sababu yake haihusu aibu. Havina boksi, hujui ni miligramu ngapi, hujui kama ndani kuna kilichoandikwa juu. Dawa za nguvu za kiume ni kati ya zinazoghushiwa sana, hata zile zinazouzwa kama mitishamba mitupu mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi zimechanganywa sildenafili kimya kimya. Mtu anayetumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua akimeza na hivi, hizi mbili zikikutana mwilini mwake presha inaweza kushuka kwa kiwango cha kuua. Na uume ukikaa umesimama zaidi ya masaa 4 hiyo ni dharura, unakwenda hospitali usiku huohuo usisubiri kukuche. Mwili hauwi mtumwa wa dawa hii, kinachokuwa mtumwa ni imani, kila ukifanikiwa kichwa kinaandika ni kidonge, ukishindwa kinaandika ni mimi. Madaktari wengine huitumia kwa muda tu, ili mtu apate mafanikio machache atulie halafu apunguze. Hiyo ni njia halali kabisa, ila ni ya mtu aliyepimwa na kupewa dozi, sio ya bafuni.

Kuhusu mwezi ujao. Unaweza kupiga simu hospitali kabla, ukaomba dakika chache na dokta peke yako, wamezoea, na ulichomwambia ni siri yako. Faida yake ni kwamba vipimo vinasomwa na mtu anayejua ukweli wote. Hatari yake ni kwamba siri inaendelea kukaa nyumbani, ila sasa ina shahidi, na mke wako akija kugundua baadaye kwamba dokta alijua kabla yake, je hilo litamuuma kiasi gani? Wewe ndio unaweza kupima. Mbegu kwanza usiziogopee sana, maelezo ya sildenafili yenyewe yanasema dozi moja ya miligramu 100 kwa wanaume wenye afya haikubadilisha mwendo wala umbo la mbegu. Ila hiyo ni sildenafili ya kweli, yako hatujui ni nini. Uliza pia mapema kama sampuli ya mbegu unaweza kuitolea nyumbani, sehemu nyingi wanakubali ikiwafikia ndani ya saa moja, maana kuambiwa utoe chumbani kwao huku watu wanakusubiri mlangoni ni ile ile kengele ya simu kwa sura nyingine.

Kumwambia mke wako wote wote, hofu na vidonge, kunaweza kulegeza kitu kikubwa sana kwa sababu jicho la pembeni linaishi kwa siri. Kunaweza pia kumuumiza, akakumbuka usiku mmoja mmoja akajiuliza ule ulikuwaje, akakasirika siku kadhaa, na hasira hiyo sio lazima iwe dharau. Njia ya katikati ni kuanza na hofu, kwamba toka siku ile ya sherehe unaogopa kushindwa na siku simu ikilia ndio zaidi, halafu ya vidonge yafuate mkiwa mmeshazoea kuongea. Ubaya wake nusu ya ukweli ina tabia ya kudai nusu nyingine, ataanza kuuliza. Kunyamaza nako ni chaguo, watu wengi wanalichagua, na wapo wanaotulia kazi zikipungua bila kumwambia mtu. Bei yake unaijua tayari, umeiandika mwenyewe, ukuta na sebule. Ukiamua kuongea basi usiongelee kitandani wala usiku wa kengele, tafuta muda mkiwa mnatembea au mnafanya kazi za nyumbani, watu wanaongea vizuri zaidi wakiwa hawatazamani usoni.

Kwenye hii ya mtoto umejipa kosa kabla ya vipimo, hakuna aliyepimwa bado. Halafu kengele inawadanganya kidogo nyie wawili. Siku za kushika mimba ni kama 6 hivi kila mzunguko, zinaishia siku yai linapotoka, na mbegu zinaweza kuishi ndani mpaka siku 5. Maana yake hakuna usiku mmoja ambao ukishindwa mwezi umeisha. Ushauri wa kawaida ni kukutana kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima, bila kuhesabu. Inawezekana hata akakubali kuzima hiyo kengele, au akaiona yeye peke yake asikuandikie. Lakini hilo kumuomba bila kumwambia sababu, sijui utaliombaje.

Umeuliza kama inapona. Ya hofu hupona, watu wengi sana wanapona, ila haiponi kwa kujikaza. Kuna zoezi waliloliacha wale watafiti wawili, wenza wanakubaliana kwa muda hakuna kuingiliana kabisa, wanashikana tu kwa zamu, mwanzo bila kugusa sehemu za siri, baadaye na hizo, na hata ikisimama wanaiacha ilale kwa makusudi halafu wanaendelea kushikana, mpaka kichwa kijifunze kwamba kulala sio msiba na inaweza kurudi. Inasikika rahisi, sio rahisi. Na kwenu ina ugumu wake kwa sababu mke wako anatafuta mtoto na wewe unamwambia tusimame kwanza, anaweza kuona mnapoteza miezi. Wapo wanaofanya zoezi zile siku ambazo mimba haiwezekani na siku za mimba wanatumia dawa aliyoandika dokta. Wengine wanaona bora wasimame mwezi au miwili yote, wapumue. Mshauri wa mambo ya ndoa na tendo anaweza kuwaongoza, mkienda wawili ni vizuri, ukienda peke yako pia kuna kazi ya kufanya, hasa kwenye yale mawazo ya kazini ambayo umeyapita haraka sana kwenye barua. Bado unafanya kazi za watu waliopunguzwa? Unalala masaa mangapi? Umejiita mimi nisiyelala nikadhani ni utani, baadaye nikaona labda sio, na mtu asiyelala hata testosteroni yake inashuka.

Punyeto ya ujanani haijaua mshipa wowote, na wewe mwenyewe una ushahidi kila asubuhi. Kitu kinachoweza kutokea ni mazoea, mtu akizoea mkono unaobana sana, au picha za aina fulani tu, mguso wa mwenza unakuwa mwepesi mno kwake, na hayo hulegea akipunguza kwa wiki kadhaa. Zaidi ya hapo kinachobaki ni hatia, na hatia nayo ni hofu tu kama zile nyingine, adrenalini ni ileile. Kama bado unaibeba mpaka leo mtajie dokta hilo pia siku hiyo ukiwa peke yako, hatashangaa, analisikia kila wiki.